Moto Umezimwa, Lakini Sumu Ingali Nyumbani

Namna ya kumchagua mkandarasi anayefaa kuisafisha na kuirekebisha nyumba iliyoungua

Je, msomaji, umewahi kuingia katika nyumba iliyozimwa moto usiku wa jana? Kuta ni nyeusi, maji yametuama sakafuni, mapazia yamebaki vipande, na harufu inakukaba koo kabla hujavuka kizingiti. Ukitoka nje na kupenga kamasi, leso yako inakuwa nyeusi. Hiyo leso ndiyo somo letu la wiki hii.

Kila mwaka magazeti hutupasha habari za mioto mijini. Tumesoma juu ya Gikomba mara nyingi hata tukazoea, na tukasoma juu ya gesi iliyolipuka Embakasi usiku wa Februari 1, 2024. Habari hizo huhesabu waliokufa, waliojeruhiwa na mali iliyoteketea. Ni nadra sana kusoma juu ya nyumba ambazo hazikuteketea: zile zilizoungua jikoni tu, au zilizojaa moshi wa jirani, na ambazo watu walirudi kuishi ndani yake baada ya siku chache.

Wengi wetu hudhani kwamba hatari huisha pale wazimamoto wanapokunja mipira yao na kuondoka. Mwenye nyumba humshukuru Mungu kwamba hakuna aliyefariki, kisha humwita kijana wa mtaani mwenye brashi na debe la rangi.

Tuchukue mfano. Familia moja inaishi katika ghorofa ya tatu. Mafuta ya kukaangia yanashika moto, jiko linaungua, na moshi unaenea hadi vyumba vya kulala. Fundi anaosha kuta kwa sabuni na maji, anapaka rangi nyeupe mara mbili, na kwa siku nne kazi imekwisha. Mama wa nyumba anafurahi kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Mwezi unaofuata mvua inanyesha, nyumba inapata unyevu, na harufu ya moshi inarudi kana kwamba moto uliwaka jana. Madoa ya kahawia yanachomoza juu ya rangi mpya. Mtoto wa miaka mitano, ambaye ana pumu, anaanza kukohoa kila usiku. Wanampeleka kliniki mara tatu, na mara zote tatu hakuna anayeuliza kuhusu dari.

Fedha zilizookolewa kwa fundi wa bei nafuu zilikwisha kwa dawa. Hivyo basi, uchaguzi wa mtu wa kurekebisha nyumba iliyoungua ni jambo la afya kama lilivyo jambo la ujenzi.

MASIZI NI NINI?

Masizi si vumbi la kawaida. Ni chembe ndogo mno za kaboni zilizobeba kemikali nyingine juu yake. Nyingi za chembe hizo zina upana usiofika sehemu ya ishirini ya unywele wa kichwa, na ndogo zaidi hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikashuka hadi ndani kabisa ya mapafu.

Madhara ya masizi yalianza kujulikana zamani. Mnamo mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba vijana waliokuwa wakisafisha mabomba ya moshi ya nyumba walipatwa na saratani ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi yaliyoganda kwenye ngozi. Leo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, linahesabu masizi kuwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2022 shirika hilo liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi hilo hilo.

Aidha, nyumba za leo haziungui kama nyumba za babu zetu. Godoro la sponji, kiti cha sofa, zulia la nailoni, runinga, waya za stima na ndoo za plastiki zote zina vitu vinavyotokana na mafuta ya petroli. Sponji ikiungua hutoa hidrojeni sayanidi, sumu inayoweza kuua kwa dakika chache. Plastiki ya waya na mabomba hutoa tindikali ya hidrokloriki. Tindikali hiyo hukaa juu ya vitu hata baada ya moto kuzimwa. Ndiyo sababu bomba la maji linalong'aa hupata kutu na redio ambayo haikuguswa na moto hukufa baada ya majuma machache.

Wanaoumia zaidi ni wenye pumu, watoto wachanga, wajawazito, wazee na wagonjwa wa moyo. Mtoto anayetambaa ndiye aliye hatarini zaidi, maana mikono yake hutoka sakafuni na kwenda moja kwa moja mdomoni.

Tanbihi muhimu kwa yeyote aliyekuwa ndani moto ulipowaka: madhara ya moshi kwenye mapafu yanaweza kuchelewa kwa siku moja au mbili. Ukiona kikohozi kisichokoma, sauti imekauka, pumzi ni fupi, makohozi ni meusi, kichwa kinauma, au mtu anaongea mambo yasiyoeleweka, nenda hospitalini mara moja. Nyumba itangoja.

KWA NINI RANGI PEKE YAKE HAITOSHI

Masizi yana aina zake, na kila aina ina dawa yake. Moto wa karatasi na mbao unaowaka kwa kasi huacha masizi makavu kama unga. Moto wa plastiki na mpira unaofuka polepole huacha masizi yanayonata, ambayo ukiyasugua huenea kama lami. Nyama au samaki aliyeungulia sufuriani huacha utando ambao karibu hauonekani kwa macho, lakini harufu yake ni kali kuliko zote na hushika kila mahali, hata ndani ya kabati lililofungwa.

Fundi asiyejua tofauti hiyo hufanya kosa la kwanza na kubwa kuliko yote: hulowesha kitambaa na kuanza kupangusa. Masizi makavu yakikutana na maji huwa wino, na wino huo hunywewa na plasta. Kilichoweza kutolewa kwa nusu saa sasa hakitoki.

Kazi inayofaa hufuata mpangilio. Kwanza ni usalama wa jengo na stima. Pili ni kuondoa maji na kukausha, kwa kuwa kuvu huweza kuanza kuota katika saa 24 hadi 48 mahali palipolowa. Tatu ni kutoa masizi yaliyo huru kwa mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA na kwa sponji kavu ya mpira. Nne ni kuosha kwa sabuni maalumu inayokata mafuta na kupoza tindikali. Tano ni kuondoa harufu mahali inapotoka, yaani darini, nyuma ya makabati, ndani ya matundu ya swichi na katika mapengo ya mbao. Sita ni kupaka rangi ya kuziba, ambayo huzuia doa na harufu visipenye. Rangi ya urembo huja mwisho kabisa. Yule anayeanza na rangi ameanza mwisho.

KABLA YA KUMTAFUTA FUNDI

Usirudi ndani mpaka wazimamoto wakuruhusu. Usiwashe swichi yoyote. Acha stima ikatwe kwenye mita, na gesi ifungwe. Ukiingia kuchukua vitu vya lazima, vaa viatu vizito, mifuko ya mikono, nguo za mikono mirefu na barakoa ya kuzuia chembe, ya aina ya N95. Barakoa ya kitambaa haizuii masizi. Watoto wabaki kwa jamaa.

Usifagie. Ufagio hurusha angani kile kilichokuwa kimetulia. Usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, kwani huvuta masizi kwa mbele na kuyatema kwa nyuma. Unga wa kizimamoto cha mkono nao huwasha macho na mapafu, na hula vyuma ukiachwa. Wala usichanganye dawa ya klorini ya kufulia na dawa nyingine za kusafishia, kwa maana michanganyiko kama hiyo hutoa gesi yenye sumu.

Piga picha za kila chumba kabla ya kitu chochote kuguswa. Andika ripoti kwa polisi, na uombe ripoti ya kikosi cha zimamoto. Kama una bima, iarifu kampuni yako upesi na kwa maandishi, na usitupe kitu wala kuanza matengenezo makubwa kabla ya mkadiriaji wao kufika, isipokuwa kazi ya kuzuia hasara isizidi, mathalan kufunika paa lililotoboka na kutoa maji.

Kuhusu bima, kumbuka jambo moja linalowashtua wengi. Mikataba mingi ya bima ya moto ina kifungu cha uwiano. Ikiwa nyumba ina thamani ya Sh4 milioni nawe ulikata bima ya Sh2 milioni, hasara ya Sh1 milioni italipwa nusu tu. Soma mkataba wako leo, kabla ya kuuhitaji.

NI NANI ANAYESTAHILI KAZI HII?

Nyumba iliyoungua inahitaji fani kadhaa, na kila fani ina chombo kinachoisimamia. Mkandarasi mwema ni yule anayejua mipaka ya ujuzi wake na kuwaleta wengine.

Kazi ya ujenzi. Chini ya sheria ya mwaka 2011, mkandarasi wa ujenzi ni lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yaani NCA. Wakandarasi wamepangwa kwa madaraja, kuanzia NCA 1 kwa kazi kubwa zaidi hadi NCA 8 kwa kazi ndogo. Mwombe nambari yake ya usajili na cheti cha mwaka huu, kisha uthibitishe na mamlaka yenyewe. Usitosheke na nakala iliyotolewa mfukoni.

Uimara wa jengo. Moto ukiwa ulikuwa mkali, mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Nondo za chuma hupoteza takriban nusu ya nguvu zake joto likikaribia nyuzi 600. Zege lililopata joto la zaidi ya nyuzi 300 mara nyingi hugeuka rangi ya waridi. Ukiona rangi hiyo chini ya slabu, au plasta imebambuka na nondo ziko nje, msilale humo hata usiku mmoja, wala mtu asipakwe ahadi kwamba plasta mpya itaponya.

Stima. Waya zilizopata joto hupoteza ganda lake ndani ya ukuta mahali usipoweza kuona, na moto wa pili huanzia hapo. Fundi wa stima awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli. Leseni hizo zina madaraja. Uliza yake inaruhusu kazi gani. Apime waya zote, hata za vyumba ambavyo havikuungua, na akupe cheti cha kukamilisha kazi kabla ya stima kurudishwa.

Asbesto. Hapa tunawaomba wanaoishi katika mitaa ya zamani wasome mara mbili. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini mapaa yaliyoezekwa kabla ya hapo bado yapo kwenye nyumba na majengo mengi. Shiti hizo zikipata moto hupasuka kwa kishindo na kutawanya vipande na nyuzi. Nyuzi hizo hazionekani, hazina harufu, na zikiingia mapafuni hazitoki. Magonjwa yake, pamoja na saratani ya utando wa mapafu, huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Asbesto huhesabiwa kuwa taka hatari, na wanaoiondoa na kuisafirisha ni lazima wawe na leseni ya NEMA. Fundi anayekwambia, "Hiyo tutavunja na kutupa na takataka nyingine," mwonyeshe mlango. Na wewe usivunje, usifagie, wala usimruhusu mtoto kuchezea vipande hivyo.

Usafishaji wa moshi wenyewe. Hii ni elimu ya peke yake. Huko Marekani kuna taasisi iitwayo IICRC, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo hutoa vyeti kwa wasafishaji wa mazulia na kwa wanaorekebisha nyumba zilizoharibiwa na maji na moto. Baadhi ya kampuni katika miji mikubwa hutaja vyeti vya namna hii. Cheti ni kizuri, lakini kisikufumbe macho. Uliza ni mfanyakazi yupi mwenye cheti hicho, na kama ndiye atakayekuwa nyumbani kwako.

MASWALI YA KUMWULIZA

Alika angalau wakandarasi watatu waje waione nyumba. Yeyote anayekutajia bei kwa simu bila kupanda darini anabahatisha. Kisha waulize maswali haya:

1. Ni nini kiliungua hapa, na masizi haya ni ya aina gani? Mjuzi atayagusa, atayanusa, na atakueleza. Asiyejua atasema masizi ni masizi.

2. Utaanza na nini? Sikiliza kama anataja stima, kukausha na kusafisha kwa ukavu kabla ya maji. Akianza na rangi, umekwisha kupata jibu.

3. Utavizuiaje vyumba visivyoungua visichafuliwe? Anapaswa kuvitenga kwa nailoni na kutoa hewa nje wakati wa kazi.

4. Unatumia dawa gani, na zina madhara gani kwa mwenye pumu? Akupe majina kwa maandishi. Dawa ya manukato inayofunika harufu haijaondoa chochote.

5. Je, unatumia mashine ya ozoni? Mashine hiyo hupunguza baadhi ya harufu, lakini ozoni yenyewe huchoma mapafu, na shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira limewaonya wananchi dhidi ya kuitumia mahali penye watu. Ikitumika, pasiwe na mtu, mnyama wala mmea ndani, na nyumba ipitishwe hewa ya kutosha baadaye.

6. Jenereta yako itakaa wapi? Jibu ni moja tu: nje, mbali na madirisha na milango. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na imeua watu waliookoka moto.

7. Wafanyakazi wako wana barakoa, viatu na bima ya ajali kazini? Asiyewajali wafanyakazi wake hatakujali wewe. Na kijana akianguka kutoka darini kwako, kesi inaweza kukufikia.

8. Nipe watu watatu uliowafanyia kazi ya moto, si ya rangi tu. Wapigie simu. Waulize swali moja: mvua iliponyesha, harufu ilirudi?

MKATABA NA FEDHA

Siku mbili baada ya moto, mtu huwa hajalala, macho ni mekundu, na akili iko kwa watoto. Hiyo ndiyo saa wanayoingojea matapeli. Wapo wanaofuata king'ora cha wazimamoto, wakafika na karatasi ya kutiwa sahihi wakati mahame bado yanafuka. Usitie sahihi siku hiyo. Mwenye kazi ya halali atakubali kurudi kesho.

Mkataba uwe wa maandishi na uonyeshe kila chumba na kazi yake, vifaa vitakavyotumika, siku ya kuanza na ya kumaliza, ni nani atakayebeba vifusi na vitapelekwa wapi, na dhamana ya kazi ni ya muda gani. Andika wazi kwamba harufu au doa likirudi katika muda huo, atarudia kwa gharama yake. Sentensi hiyo moja huwafukuza wababaishaji wengi.

Usilipe fedha zote mbele. Toa malipo ya kutangulia yasiyozidi theluthi moja, mengine kwa hatua zinazoonekana, na bakiza fungu la mwisho mpaka umeikagua nyumba. Ukilipa kwa simu, lipa kwa jina la kampuni na udai risiti; kampuni ya bima itaitaka. Jihadhari na anayekwambia, "Tuongeze kidogo kwenye hesabu, bima italipa." Huo ni udanganyifu, na jina litakalokuwa kwenye fomu ya madai ni lako.

Bei ya chini si dhambi, lakini uliza imetoka wapi. Mara nyingi kilichopunguzwa ni siku za kukausha na kazi ya darini, yaani yale ambayo macho hayaoni lakini mapafu huyapokea.

VITU VYA KUTUPA BILA HURUMA

Tunajua ni vigumu kuvitupa vitu vilivyonunuliwa kwa jasho. Hata hivyo, baadhi ya vitu ni ghali zaidi kuvibakiza.

Godoro na mito ya sponji iliyopata moshi mzito haisafishiki, itupwe. Vivyo hivyo chuchu na chupa za mtoto za plastiki, vidude vya kuchezea vinavyotiwa mdomoni, na vipodozi. Dawa zote zilizopata joto au moshi zirudishwe kwa mwenye duka la dawa ili ziharibiwe, hata kama ni insulini au dawa ya presha. Pata nyingine siku hiyo hiyo.

Chakula kilicho ndani ya karatasi, nailoni au mikebe ya plastiki kitupwe, pamoja na unga na mchele uliokuwa wazi. Mkebe wa bati uliovimba, kupasuka au kuungua usifunguliwe. Vyakula vinavyoharibika upesi vilivyokaa katika friji bila stima kwa zaidi ya saa nne havifai. Sufuria, vijiko na vyombo vya glasi huoshwa vizuri na kutumiwa tena.

Nguo zinaweza kuokolewa. Zikung'utwe nje, zioshwe zaidi ya mara moja, na zisipigwe pasi mpaka harufu iishe, maana joto huigandisha.

Tangi la maji juu ya paa limwagwe na kusafishwa ikiwa masizi yaliliangukia. Na mabomba ya plastiki yaliyopata joto yabadilishwe. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 2018 ulioteketeza mji wa Paradise, California, wachunguzi walikuta benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, katika mabomba ya maji ya mji huo. Maji yenye harufu ya petroli au plastiki usiyanywe, na kuyachemsha si dawa yake.

WAPANGAJI NA MAJIRANI

Wengi wetu mijini ni wapangaji, na mwenye jengo ndiye anayemwita fundi. Hilo lisikunyamazishe. Mwandikie barua, uweke nakala, na umwombe akuonyeshe usajili wa mkandarasi na cheti cha stima kabla hujarudi. Wapangaji wakiandika pamoja husikizwa zaidi kuliko mmoja mmoja. Bima ya mwenye jengo kwa kawaida hushughulikia jengo lake tu. Kiti chako, runinga yako na nguo zako zinahitaji bima yako mwenyewe.

Nawe unayeishi ghorofa ya juu, usiseme moto haukunifikia. Moshi hupanda kwa ngazi, kwa mashimo ya mabomba na kwa mapengo ya dari. Pitisha kitambaa cheupe kikavu juu ya kabati lako. Kikiwa cheusi, nyumba yako nayo inahitaji kusafishwa.

KABLA YA KUHAMIA TENA

Siku ya kukabidhiwa nyumba usije usiku, wala usije peke yako. Njoo mchana, na ufanye majaribio haya machache.

Agiza milango na madirisha yafungwe siku nzima, kisha uingie saa ya jua kali na unuse. Harufu iliyojificha huamshwa na joto. Pua yako huzoea haraka, kwa hiyo mlete rafiki ambaye hajawahi kufika tangu moto. Pitisha kitambaa cheupe juu ya milango, nyuma ya makabati, ndani ya droo na juu ya fremu za madirisha. Omba ngazi na tochi uangalie darini wewe mwenyewe. Mbao zilizoungua zinapaswa kuwa zimekwanguliwa au kubadilishwa, na hapapaswi kuwa na vifusi vilivyosukumwa kando. Fungua kifuniko cha swichi moja, stima ikiwa imezimwa, uone kama ndani kuna masizi. Gusa ukuta wa chini. Ukiwa na unyevu, kuvu iko njiani.

Yote yakiwa sawa, lipa fungu la mwisho na umshukuru fundi. Yasipokuwa sawa, onyesha kasoro kwa maandishi na usilipe mpaka azirekebishe.

Ukishahamia, watazame watoto kwa majuma mawili ya kwanza. Mtoto anayepata nafuu akiwa kwa shangazi na kukohoa akirudi nyumbani anakuambia jambo. Mpeleke kwa daktari, na ukifika huko mweleze daktari waziwazi kwamba nyumba iliungua, lini, na ilisafishwa vipi. Daktari hawezi kukisia kilicho juu ya dari yako.

Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika nyumba iliyoungua ufa wenyewe hauonekani, na anayeufunika kwa rangi atalipa mara ya pili. Andika leo, kabla ya ajali, majina ya mkandarasi na fundi wa stima uliowathibitisha, pamoja na nambari ya bima yako na ya zimamoto. Karatasi hiyo usiihifadhi nyumbani peke yake. Mpe nakala ndugu anayeishi kwingine.

Tunakuombea usiihitaji kamwe.